Kubadilisha kitasa cha mlango wa mbele: kazi huanza kwenye kupima

Kitasa cha mlango wetu wa mbele hakikuharibika kwa siku moja. Kwa muda mrefu kila mtu wa nyumbani alikuwa na namna yake ya kukibembeleza: mama aliuvuta mlango kwake kwa mkono mmoja huku akizungusha ufunguo kwa mkono wa pili, mdogo wangu aliunyanyua ufunguo kidogo kabla ya kuuzungusha, nami niliurudisha nyuma kidogo sana kutoka ndani ya tundu, ndipo ulimi ukakubali kurudi. Mgeni hakuweza kuufungua kabisa. Tulikuwa tumezoea, na mazoea ya namna hiyo ndiyo yanayokifanya kitasa kilichokwisha kiendelee kuhesabiwa kuwa ni kizima. Aliyetuzindua ni kijana wa jirani, ambaye jioni moja alitukuta tumekwama barazani, akachomeka ufunguo wa kwao kwa mzaha, nao ukafungua mlango wetu bila taabu yoyote. Mama alimshukuru, akamkaribisha chai, na baada ya kijana kuondoka hakuna aliyebisha tena kwamba kitasa kinapaswa kubadilishwa.

Mlango wenyewe ni wa mninga, wa paneli, nao baba aliutengenezesha alipojenga nyumba hii ya Isamilo, upande wa mlimani, ukitazama ziwa. Kitasa chake ni cha kuzamishwa ndani ya mbao, chenye mkono wa kushika na tundu la ufunguo chini yake, aina inayopatikana katika nyumba nyingi za Mwanza zilizojengwa kabla milango ya chuma na ya alumini haijaenea. Ninaandika kwa ajili ya wenye milango ya namna hiyo, kwa sababu nimeona watu wengi wakikimbilia dukani na kurudi na kitasa kinachong'aa, kisha seremala akalazimika kuuchimba mlango mzuri ili kitasa hicho kipate mahali pa kukaa.

Kwanza ni vizuri kuelewa kilichochakaa. Kitasa chetu kilikuwa cha liva tatu. Ndani ya kasha lake mna vibamba vitatu vyembamba vya shaba ya njano vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikisukumwa chini na springi yake, na kila kimoja kikiwa na uwazi uliokatwa mahali pake. Ulimi wa kitasa una kijiti cha chuma ambacho hakiwezi kusogea mpaka nyuwazi zote zipangane mbele yake. Kazi ya ufunguo ni kunyanyua kila liva hadi kimo chake hasa. Ikinyanyuliwa pungufu kijiti hugonga, na ikinyanyuliwa kupita kiasi kijiti hugonga vilevile. Wazo hilo la kwamba kuzidisha ni kosa sawa na kupunguza lilisajiliwa nchini Uingereza na Robert Barron mwaka 1778, na mpaka leo vitasa vya liva vinavyouzwa katika maduka yetu vinalifuata.

Sasa fikiria ufunguo wa shaba ukizungushwa humo asubuhi na jioni kwa miaka mingi. Ngazi za jino lake hulika, na matumbo ya liva zinapoguswa na jino hulika pia, hadi ufunguo haufikishi tena liva kwenye kimo chake, na ndiyo maana mdogo wangu alikuwa akiunyanyua kwa mkono: alikuwa anaiongezea liva ile sehemu ndogo iliyopotea. Wakati huohuo kingo za nyuwazi hutanuka, na kitasa kilichokuwa kikidai kimo kimoja huanza kukubali vimo vinavyokaribiana. Ukichanganya hali hiyo na ukweli kwamba kitasa cha bei nafuu chenye liva tatu hutengenezwa kwa aina chache tu za funguo, tukio la kijana wa jirani linaacha kuwa la ajabu. Nyumba zetu mbili zilijengwa karibu wakati mmoja, na huenda hata vitasa vilinunuliwa duka moja.

Mafundi wengi wangeanza kufungua skrubu mara tu wanapofika. Fundi seremala tuliyemwita, mtu mzima anayefanya kazi zake Mabatini, hakufanya hivyo. Alimwamkia mama, akanywa maji, kisha akaufungua mlango wazi kabisa na kuzungusha ufunguo mlango ukiwa haujagusa fremu. Hili ni jaribio rahisi ambalo kila mwenye nyumba anaweza kulifanya mwenyewe kabla ya kumwita mtu yeyote. Ikiwa ulimi unatoka na kurudi vizuri mlango ukiwa wazi, lakini unagoma mlango ukifungwa, kitasa hakina kosa. Kosa liko kwenye mlango, bawaba au fremu. Ikiwa unagoma hata mlango ukiwa wazi, kitasa chenyewe ndicho kibovu. Kwetu ulikwaruza mlango ukiwa wazi, na ulipofungwa ulizidi kugoma.

"Mwalimu," aliniambia, "kitasa hiki kimekufa kweli, lakini mlango nao umekuwa ukikidhulumu. Ukiweka kipya bila kunyanyua mlango, nacho kitakufa kabla ya wakati wake."

Alinionesha ukingo wa chini wa tundu la bamba la fremu, pale ulimi unapoingia. Ulikuwa umesuguliwa ukang'aa, wakati ukingo wa juu ulikuwa bado na rangi iliyopakwa zamani. Maana yake ulimi ulikuwa ukiingia chini ya mahali pake kwa sababu mlango mzima ulikuwa umeshuka. Mninga ni mbao nzito, nayo bawaba ya juu ndiyo inayovutwa na uzito wote huo kila mlango unapofunguliwa. Skrubu zake zilikuwa fupi na zilikuwa zimeanza kucheza ndani ya fremu. Wengi wetu tungesema mlango umevimba kwa mvua, na kwa mlango wa mpaini huenda ingekuwa hivyo, maana vuli na masika za kwetu huziingiza mbao laini unyevu mwingi. Lakini mninga unasifika kwa kutovimba na kutosinyaa sana, na hiyo ni mojawapo ya sababu za wazee kuupenda kwa milango na madirisha. Alama za kusuguana kwenye kichwa cha mlango, upande wa kitasa, hazikuwapo. Zilikuwapo chini tu, kwenye kona. Huo ni mlango ulioinama.

Kuna nyumba ambazo tatizo hutoka mbali zaidi ya bawaba. Katika maeneo ya tambarare yenye udongo mweusi wa mbuga, udongo hutanuka ukilowa na kupasuka ukikauka, msingi hutikisika, na fremu hupinda kidogo kila msimu hadi ikawa si mraba tena. Mwenye nyumba kama hiyo atabadilisha vitasa mpaka achoke. Sisi tuliojenga juu ya mawe tuna taabu nyingine, kuanzia kupandisha maji hadi kuchimba choo, lakini angalau kwenye hili jabali linatusaidia.

Bawaba zikashughulikiwa kwanza. Fundi aliuegemeza mlango juu ya kabari, akafungua skrubu za bawaba ya juu, akachonga vijiti vya mbao ngumu, akavipaka gundi na kuvigongomea ndani ya matundu yaliyolegea, kisha akaviacha vikauke kabla ya kutoboa upya na kuingiza skrubu ndefu zaidi. Nimewahi kuona watu wakijaza njiti za kiberiti mahali pa vijiti hivyo, na kwa mlango mwepesi wa chumbani hufaa; kwa mlango wa mbele nisingeshauri. Mlango ulipanda, kona ya chini ikaacha kusugua sakafu, na ulimi ukaanza kuingia katikati ya tundu lake. Tofauti iliyoonekana hata katika kitasa kile kilichokwisha ilinishangaza.

Ndipo tukakichomoa kitasa. Kazi hiyo ni nyepesi: unafungua mikono ya pande mbili, unatoa kipande cha chuma cha mraba kinachoiunganisha, unafungua skrubu mbili za bamba la ukingoni mwa mlango, kisha unapitisha bisibisi katika tundu la mkono na kulivuta kasha taratibu kuelekea nje. Usiligonge kutoka upande wa pili. Kama mlango umepakwa rangi mara nyingi, kata kwanza rangi kuzunguka bamba kwa kisu, la sivyo litabandua vipande vya mbao. Ndani ya shimo tulikuta vumbi jekundu, mabawa ya wadudu na ukoko mweusi wa mafuta yaliyoganda.

Ukoko huo unastahili maelezo. Ziwa Victoria ni la maji baridi, na upepo wake hauna chumvi, kwa hiyo sisi wa huku hatupati kutu ya namna wanayoipata watu wa Tanga au Dar es Salaam, ambao kitasa cha chuma kinaweza kuliwa kikiwa bado kipya. Adui wetu mkubwa ni vumbi la kiangazi. Mtu akiona ufunguo unakwama hutia mafuta ya kula au grisi, ufunguo unalainika kwa siku kadhaa, kisha vumbi linanata kwenye mafuta hayo na kugeuka uji wa kusagia shaba. Juu ya hayo kuna wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kutoka majini kama moshi na kufuata taa za barazani usiku. Wanaingia katika tundu la ufunguo na kufia humo. Kitasa kinahitaji kilainishi kikavu. Risasi ya penseli ni grafati, na ukiisugua kwenye jino la ufunguo kisha ukauingiza na kuuzungusha mara kadhaa, inatosha.

Kitasa cha zamani kikiwa mezani, vipimo vilichukuliwa juu yake na juu ya mlango. Kipimo muhimu kuliko vyote ni umbali kutoka uso wa bamba la ukingoni hadi katikati ya tundu la ufunguo, kwa sababu ukikosea hapo matundu yote mawili yaliyo kwenye uso wa mlango yatakuwa mahali pasipofaa na mlango utabaki na kovu ambalo hata bamba la mkono haliwezi kulifunika. Kwetu ulikuwa milimita 44 na kitu, kipimo cha vitasa ambavyo kasha lake lina kina cha inchi mbili na nusu. Vile vya inchi tatu huwa na milimita 57. Kinachofuata ni umbali kati ya katikati ya tundu la mkono na katikati ya tundu la ufunguo, ambao kwetu nao ulikuwa 57, na hapo ndipo watu huchanganya namba hizo mbili. Tulipima pia urefu na upana wa bamba la ukingoni, kimo cha kasha, na unene wa mlango. Upande ambao mlango unafungukia hauna haja ya kukusumbua sana, kwa kuwa katika vitasa vingi ule ulimi uliochongwa mshazari unaweza kuchomolewa na kugeuzwa.

Hapo mimi na fundi tukatofautiana. Nilitaka kitasa cha silinda. Mfumo huo, ambao Mmarekani Linus Yale mdogo alipewa hataza yake mwaka 1861, hutumia pini ndogo na springi ndani ya mzingo wa shaba badala ya liva, na ufunguo wake ni mdogo, bapa, usiotoboa mfuko. Faida yake kubwa kwa nyumba yenye watu wanaoingia na kuhama, na sisi tuna vyumba viwili vya uani tunavyovipangisha, ni kwamba ufunguo ukipotea unafungua skrubu moja ndefu ya ukingoni, unaingiza ufunguo na kuuzungusha kidogo, unachomoa silinda peke yake na kuweka nyingine, kasha likibaki palepale. Kwa kitasa cha liva, kwa kawaida unanunua kitasa kizima.

Fundi hakubishana na faida hizo. Alichukua penseli akachora kwenye mlango umbo la kasha refu la kitasa cha silinda, kisha akagonga kwa kidole mahali ambapo mbao ya mlalo ya katikati inaingia ndani ya mbao ya wima ya pembeni. Mlango wa paneli unashikiliwa na viungo hivyo. Kichwa cha mbao ya mlalo kimechongwa kikaingizwa katika tundu la mbao ya wima, na kiungo cha katikati kiko karibu sana na kitasa. Kasha la zamani lilikuwa fupi na aliyeutengeneza mlango alikuwa amelikwepesha kiungo kwa makusudi. Kasha refu lingekata kichwa chote, na mlango wa mninga ambao ungeweza kudumu kuliko sisi sote ungebaki umeshikwa na gundi na bahati. "Mbao ikishakatwa hairudi," alisema, naye alikuwa na haki. Kwa mlango mpya, au mlango wa mbao tupu usio na paneli, ningechagua silinda bila kusita, mradi tu silinda yenyewe isichomoze nje ya bamba kwa zaidi ya milimita tatu hivi, kwa kuwa silinda iliyochomoza hushikwa kwa koleo na kuvunjwa pale katikati penye tundu la skrubu. Kwa mlango huu tuliamua kubaki na liva, lakini tano badala ya tatu.

Liva tano si pambo. Kiwango cha Uingereza cha BS 3621, ambacho kimeathiri sana vitasa vya aina hii, hudai liva zisizopungua tano kwa vitasa vya liva, ulimi unaotoka milimita 20, na tofauti za funguo zisizopungua 1,000. Hatukupata kitasa chenye mhuri wa kiwango hicho kwa vipimo vyetu, lakini tulipata cha liva tano chenye kasha linalolingana na la zamani. Bei yake ilizidi mara mbili ya kile cha liva tatu kilichokuwa kando yake, na muuzaji, dada mmoja mcheshi katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya katikati ya jiji, alitushangaa kwa kukaa muda mrefu tukipima kwa rula kitu ambacho wengine hununua kwa kukiangalia tu.

Dukani kuna mambo machache ya kutazama. Chukua sumaku ndogo: bamba la shaba halivutwi, na likivutwa ujue ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Hesabu ngazi kwenye jino la ufunguo. Ufunguo wenye ngazi mbili tatu hauwezi kuendesha liva tano, hata boksi likidai nini. Zungusha ufunguo kitasa kikiwa mkononi, ukisimamisha wima na ukilaza, na jaribu funguo zote zilizomo ndani ya boksi. Mwisho, soma namba ya ufunguo, kwa kawaida imegongwa kwenye ufunguo au imebandikwa kwenye boksi, na kama maboksi mawili yana namba moja, usimpeleke jirani yako kununua lile la pili.

Kufunga kitasa kipya kulichukua muda mdogo kuliko nilivyotarajia, na sababu ni kwamba vipimo vilikuwa vimeshatuondolea kazi ya kuchimba. Bamba jipya la ukingoni lilizidi la zamani kwa urefu kidogo, kwa hiyo fundi aliliweka mahali pake, akachora kingo kwa ncha ya kisu badala ya penseli, akaondoa mbao nyembamba kwa patasi iliyonolewa vizuri, akielekeza patasi daima ndani ya mstari. Kasha likaingia bila kugongwa. Kabla ya kukaza skrubu alipitisha ufunguo kutoka pande zote mbili na kuzungusha, kwa sababu kasha likipinda hata kidogo ndani ya shimo ufunguo huanza kusugua ukuta wa tundu, na hapo ndipo ugonjwa mpya unapozaliwa.

Skrubu zilizokuja na kitasa zilikuwa za shaba, na katika mbao ngumu kama mninga skrubu ya shaba hukatika kichwa ikilazimishwa. Fundi alitoboa kwanza tundu jembamba, akaingiza skrubu ya chuma ya ukubwa uleule ili ikate njia, akaitoa, kisha akasugua skrubu ya shaba kwenye sabuni ya mche na kuiingiza kwa bisibisi ya mkono. Iliingia kwa ulaini. Nimelitunza jambo hilo kichwani kwa siku nyingi zijazo za kurekebisha makabati.

Upande wa fremu ndiko wengi hufanya haraka, na ndiko nyumba inakovunjiwa. Mwaka 1851, wakati wa maonesho makubwa ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alifungua bila ufunguo vitasa mashuhuri kuliko vyote vya Uingereza, lakini mwizi wa mtaani hana subira wala elimu ya Hobbs. Yeye huja na mtaimbo au teke. Mlango ukipigwa teke, liva hazihusiki. Kinachopimwa ni bamba la fremu, urefu wa skrubu zake, na uimara wa mbao iliyo nyuma yake. Bamba letu la zamani lilishikwa na skrubu fupi ambazo hazikuvuka sana unene wa bamba lenyewe. Fundi alipaka chaki kwenye ncha ya ulimi, akafunga mlango, akazungusha ufunguo hadi ulimi ukagusa fremu, na alama ya chaki ikaonesha mahali hasa pa kuchimba. Tundu lilichimbwa kwa kina kuliko urefu wa ulimi, kwa sababu ulimi ukifika mwisho wa tundu kabla ufunguo haujamaliza mzunguko wake, mlango huonekana umefungwa ilhali kitasa hakijajifunga ndani. Bamba jipya likakazwa kwa skrubu ndefu zilizoingia ndani kabisa ya fremu, na pale kati ya fremu na ukuta, ambapo tulikuta uwazi uliofunikwa kwa plasta tu, akajaza saruji na mchanga kwa kina cha mkono.

Funguo zilizokuja katika boksi hazikutosha watu wa nyumbani. Tulipeleka ufunguo halisi kuchongeshwa nakala, na ninasisitiza ufunguo halisi, kwa kuwa nakala ya nakala hubeba makosa ya zote mbili, na nakala iliyochongwa kutokana na ufunguo uliolika huzaliwa ikiwa imelika. Ufunguo mmoja halisi umewekwa pembeni, hautumiki, ili uwe mama wa nakala zijazo. Wapangaji wa uani hawakupewa, maana wana geti lao, na nadhani huo ni uamuzi ambao ungepaswa kufanywa miaka mingi iliyopita. Kama wewe ndiye mpangaji na umehamia nyumba ambayo hujui ni nani aliyekaa humo kabla yako na funguo ngapi aliondoka nazo, zungumza na mwenye nyumba juu ya kitasa kabla hujapanga vitu.

Kitasa cha zamani fundi alikifungua kasha mbele yetu. Springi moja kati ya tatu ilikuwa imekatika, na liva yake ilikuwa imelala tu, ikinyanyuka au kutonyanyuka kadiri mlango ulivyotikiswa. Kwa muda ambao hatuujui tulikuwa tukilindwa na liva mbili zilizochakaa. Mdogo wangu alizichukua liva hizo akazipanga dirishani. Chuma kilichobaki kilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Limebaki suala moja ambalo mama na fundi walilijadili kuliko nilivyolijadili mimi. Kitasa cha liva hufungwa kwa ufunguo hata kutoka ndani, na nje ya mlango wetu kuna grili yenye kufuli lake, kama ilivyo katika nyumba nyingi za jiji hili. Mama alikuwa na desturi ya kufunga vyote viwili usiku na kulala na funguo chini ya mto. Fundi alimuuliza, kwa heshima, ikiwa moto utaanzia jikoni usiku umeme ukiwa umekatika, nani atautafuta mto wake katika moshi. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema msumari ugongwe. Sasa ufunguo wa mlango na ufunguo wa kufuli la grili hukaa pamoja kwenye msumari ulio upande wa bawaba, kimo ambacho hata mtoto anakifikia, mbali na dirisha kiasi kwamba mkono au fimbo ya mtu aliye nje haiwezi kuvifikia, na kila anayelala katika nyumba hii, akiwemo mgeni wa usiku mmoja, huoneshwa mahali hapo kabla taa hazijazimwa. Ndani tuliongeza komeo la chuma juu ya kitasa, la kusukuma kwa kidole, kwa ajili ya saa za mchana ambapo mtu yuko peke yake na hana sababu ya kuzungusha ufunguo kila anapoingia na kutoka.